Oksijeni ya mgonjwa ni dawa: mkono wako usiguse robine



Sisi watu wa mgodi tumefundishwa usalama tangu siku ya kwanza. Hakuna anayeshuka chini bila kaske na taa. Hakuna anayegusa mashine isiyo yake. Ukikuta kufuli ya mwenzako kwenye sanduku la umeme, hata uwe na haraka namna gani, unangoja mwenye kufuli aje aifungue mwenyewe. Sheria hiyo imeingia katika damu yetu, kwani tumewajua wenzetu walioidharau, na tumewasindikiza makaburini.

Lakini mtazame mtu huyu huyu anapokwenda hospitalini kumlinda mgonjwa wake. Akili ya usalama anaiacha mlangoni pamoja na baisikeli. Akiona maski juu ya uso wa ndugu yake, anaiinua kidogo ili mgonjwa «apumzike». Akiona robine ya oksijeni, anaizungusha. Hakuuliza mtu, hakuonyeshwa, lakini mkono wake umekwisha kufika. Kazini angepewa adhabu kwa kosa dogo kuliko hilo.

Leo nataka kusema jambo moja tu: oksijeni anayopewa mgonjwa ni dawa, nayo ina kipimo kama dawa nyingine zote. Jamaa wa mgonjwa asiiondoe, asiipunguze, asiiongeze. Kazi yake ni kuangalia, kuuliza na kuita. Nami sisemi hivi kwa kuwa nina hekima kuliko ninyi. Ninasema kwa sababu mkono ulioharibu ulikuwa mkono wangu.

KOSA LANGU MIMI MWENYEWE

Nimefanya kazi ya kuunga vyuma katika ateliye kwa miaka mingi. Chupa za oksijeni ni rafiki zangu, nazijua kwa sauti na kwa uzito. Yaya wangu, mkubwa wangu wa tumbo moja, alikuwa mtoboaji wa miamba. Alikula vumbi la mawe miaka mingi, tena alivuta sigara tangu ujana. Alipostaafu, mapafu yake yalikuwa yamekwisha kuchoka. Alikuwa anakohoa asubuhi mpaka chai inapoa.

Katika miezi ya baridi akashikwa na ugonjwa mkali wa mapafu. Tulimpeleka hospitalini midomo imekuwa ya rangi ya majivu. Kile kifaa kidogo kinachobana kidole kilionyesha 82. Walimwekea maski, lita 5 kwa dakika, wakampa na dawa za sindano. Shemeji yangu, mke wake, alipoona maski akaanza kulia kama watu wa matanga. Alisema: «Wamemvalisha ile ya wanaokufa.» Ilibidi mama mmoja muuguzi amshike mkono na kumweleza taratibu.

Baada ya siku tatu akaanza kuongea vizuri. Basi mganga akaondoa maski, akaweka mahali pake bomba dogo lenye midomo miwili linaloingia puani, lita 2 tu. Kifaa cha kidole kikasimama kwenye 90.

Mimi moyoni nikakasirika. Nikasema: ah, kumbe ni hivyo! Huyu ni mstaafu, hana nguvu tena ya kutoa shaba, ndiyo maana wanambania hewa. Sikumwuliza mganga wala muuguzi. Nilinyamaza na hasira yangu kama mtu anayeficha moto ndani ya nguo.

Usiku, wauguzi wakiwa kwenye chumba kingine, nikaichukua ile maski iliyobaki imetundikwa, nikaiunganisha, nikamvalisha yaya, nikafungua robine mpaka lita 10. Mkono wangu haukutetemeka hata kidogo, kwani mimi ni fundi! Kifaa cha kidole kikapanda: 93, 96, 99. Nikafurahi. Nikakaa kwenye kiti changu nikijisifu kwamba nimemponya mkubwa wangu.

Kabla ya mapambazuko nilimwita yaya anywe maji. Hakujibu. Nilimtikisa, akafungua macho nusu, akayafunga. Alikuwa na jasho usoni, anapumua polepole sana. Namba ilikuwa bado 99. Nilikimbia kumwita muuguzi. Aliangalia robine, akaniangalia mimi, akauliza: «Baba, nani amegusa hapa?»

Nikasema: «Ni mimi.»

Mpaka leo ninashukuru kwamba nilisema kweli. Hakuiondoa oksijeni kabisa, aliirudisha katika kipimo chake, akamkalisha mgonjwa wima, akamwita mganga, wakakaa naye mpaka jua likawa juu. Adhuhuri yaya akafumbua macho, akaomba uji. Mganga aliniambia kwamba, kama ningedanganya, wangepoteza saa wakitafuta ugonjwa mwingine, na saa hizo mkubwa wangu hakuwa nazo.

Yaya alirudi nyumbani. Ni yeye aliyenituma niandike habari hii. Alisema: «Ulivyowafundisha vijana wa ateliye, wafundishe na walinzi wa wagonjwa.»

KWA NINI 99 HAIKUWA HABARI NJEMA?

Hewa tunayovuta kila siku ina oksijeni sehemu 21 katika 100. Mapafu yenye afya yanatosheka nayo. Damu inabeba oksijeni hiyo, na kifaa cha kidole kinapima namna damu ilivyojaa. Mtu mzima mwenye afya huwa na 95 mpaka 100. Mgonjwa akishuka chini ya 90, ndipo waganga hutafuta oksijeni ya kumwongezea.

Lakini kupumua ni kazi mbili: kuingiza hewa nzuri na kutoa hewa chafu ya kaboni. Kifaa cha kidole kinapima ile ya kwanza tu, ile ya pili hakiioni. Mtu ambaye mapafu yake yamechakaa kwa miaka, kwa sigara au kwa vumbi, mara nyingi hushindwa kuitoa hewa chafu yote. Ukimmiminia oksijeni nyingi kupita kiasi, hewa chafu inazidi kujikusanya ndani ya damu yake. Anaanza kusikia kichwa kinauma, anasinzia, mwisho anaweza kuzimia kabisa, na huku namba ya kidole inaonyesha uzuri. Kwa hiyo wagonjwa wa namna hii waganga huwatakia 88 mpaka 92, wala si 99. Yule mganga hakumbania yaya hewa. Alikuwa anampimia.

Na hii si kwa wazee tu. Katika miaka ya 1940 na mwanzo wa miaka ya 1950, katika nchi tajiri zenye hospitali kubwa, watoto waliozaliwa kabla ya miezi kutimia walipewa oksijeni nyingi kwa nia njema. Maelfu wakawa vipofu, kwani oksijeni iliyozidi iliharibu mishipa ya macho yao. Ilihitaji uchunguzi mkubwa mpaka sababu ikajulikana. Tangu hapo kila mganga wa watoto anajua: ya kupungua inaua, na ya kuzidi nayo inaharibu.

MTU WA MIGODI ALIYEWAFUNDISHA WAGANGA

Wengine wataniambia: «Wewe mtu wa vyuma, habari za maski zinakuhusu nini?» Ninajibu: habari hizi ni za migodi tangu zamani.

Mwaka 1896, mtaalamu mmoja wa Scotland, John Scott Haldane, alichunguza miili ya wachimbaji wa makaa waliokufa katika mlipuko wa mgodi huko Wales. Watu walidhani wote wameuawa na mlipuko wenyewe. Yeye akaonyesha kwamba wengi wao waliuawa na ile hewa ya sumu inayozaliwa na moto, isiyo na harufu, monoksidi ya kaboni. Ni ileile inayowaua watu wetu wanaoingiza mbabula ndani ya nyumba iliyofungwa katika miezi ya baridi. Ni Haldane aliyewashauri wachimbaji kubeba panya wadogo au ndege wadogo, ili wanyama hao waanguke kabla ya watu.

Mtu huyo huyo, wakati wa vita ya 1914–1918, aliona askari walioumizwa mapafu na gesi ya sumu. Mwaka 1917 aliwaandikia waganga kuhusu namna ya kuwapa oksijeni kwa maski, kwa mfuko, na kwa kipimo cha lita kwa dakika. Kabla ya hapo wengi walikuwa wanapeperusha oksijeni mbele ya uso wa mgonjwa kwa muda mfupi, wakaona imetosha. Basi tazameni: tangu mwanzo maski ilikwenda pamoja na kipimo.

MASKI SI NGUO YA KUFIA

Sasa nigeukie wale wanaoiondoa. Ninajua wanavyosema. «Fulani alivaa maski, kesho yake akafa.» Ni kweli kwamba wengi waliovaa maski wamekufa. Lakini angalieni vema: wengi wao waliletwa wakiwa wamechelewa, baada ya kupita kwa jirani, kwa duka la dawa na kwa maombi ya usiku mzima. Maski iliwakuta mlangoni mwa kaburi. Kuilaumu maski ni sawa na kulaumu timu ya uokoaji kwa sababu ilionekana mahali pa ajali.

Katika miaka ya 2020 na 2021, wakati wa Korona, hofu hii ilizidi. Kongo ilipata mgonjwa wake wa kwanza aliyejulikana tarehe 10 Machi 2020, huko Kinshasa. Ugonjwa ule ulifundisha dunia nzima bei ya oksijeni. Mnamo Januari 2021, katika mji wa Manaus nchini Brazil, hospitali ziliishiwa oksijeni, na watu wakafa kwa kuikosa. Mahali pale familia hazikuogopa maski. Zilipanga mstari kutafuta chupa. Sisi tunaoiondoa ile tuliyopewa, tuwaze juu ya jambo hilo.

Maski haiponyi ugonjwa. Dawa ndiyo inayopigana na ugonjwa. Maski inamshika mgonjwa asianguke wakati dawa inafanya kazi. Kwa hiyo haitakiwi kukatika-katika. Ninyi mnaofanya kazi chini ya udongo, nani kati yenu angekubali kapita azime ventilateri dakika kumi kwa sababu eti «mashine inapiga kelele, watu wapumzike»? Mngetoka mbio wote! Basi ndivyo unavyomfanyia mgonjwa mzito unapoinua maski ili umbusu, umwombee uso wazi, au umlishe bukari.

Naam, habari ya chakula. Mama zetu wanapenda, na ni upendo kweli. Lakini mgonjwa anayehema hawezi kumeza na kupumua kwa pamoja. Tonge inaweza kupita njia ya mapafu. Mwite muuguzi kwanza. Mara nyingi anaweza kumwekea lile bomba la pua wakati wa kula, kisha akarudisha maski. Kama mgonjwa ni mzito sana, atasema asile kwanza. Umsikilize.

Na mgonjwa akiivua mwenyewe, akipigana nayo? Usimpige, usimfunge mikono. Labda waya wa puani umembana, labda kamba imemkata masikio, labda mfuko umelegea na anasikia hewa haimtoshi. Labda ubongo wake umeanza kukosa oksijeni, kwani kuchanganyikiwa ni alama mbaya. Irudishe taratibu na umwite muuguzi mara moja.

KILA CHOMBO NA KIPIMO CHAKE

Hospitalini mtaona vyombo vitatu hasa, na kila kimoja kina kipimo chake kwa mtu mzima.

La kwanza ni bomba la pua. Huwa lita 1 mpaka 5 kwa dakika. Watoto wadogo nao mara nyingi huwekewa bomba kama hilo, kwa lita chache zaidi.

La pili ni maski ya kawaida, lita 5 mpaka 10. Hapa sikilizeni: maski hii haitakiwi kushushwa chini ya lita 5. Kwa nini? Kwa sababu pumzi chafu anayotoa mgonjwa inabaki ndani ya maski, naye anaivuta tena. Anayepunguza robine «ili tusimalize chupa» na kuacha maski usoni anamfunika mgonjwa kwa pumzi yake mwenyewe.

La tatu ni maski yenye mfuko, ya wagonjwa wazito kabisa, lita 10 mpaka 15. Mfuko lazima ubaki umejaa. Ukiuona umenywea na kujikunja kila mgonjwa anapovuta pumzi, hapo ndipo pa kukimbia kumwita muuguzi, usiku au mchana.

Haiwezekani basi kubadili chombo bila kubadili lita, wala kubadili lita bila kufikiri juu ya chombo. Ndilo kosa nililofanya mimi. Nilijua chupa, sikujua mgonjwa.

CHUPA INA MWISHO

Tufanye hesabu kidogo, watoto wa shule watusaidie. Chupa kubwa ya hospitali huwa na kadiri ya lita 6,800 za oksijeni. Mgonjwa akipewa lita 5 kwa dakika, itadumu karibu saa 22 na dakika 40. Akipewa lita 10, ni saa 11 na dakika 20. Ukiifungua mpaka lita 15, ni saa 7 na nusu tu.

Unaona? Muuguzi amepanga kubadili chupa kesho jioni. Wewe usiku umefungua robine kwa mapenzi yako. Saa kumi za alfajiri chupa imekwisha, wote wamelala, na mgonjwa wako amebaki na maski isiyotoa kitu. Tena chupa uliyoimaliza pengine ilikuwa ya kumsaidia mtoto wa jirani yako wa kitanda cha pili. Kuiba si lazima uchukue kitu mkononi.

Hospitali nyingine zina mashine inayochota oksijeni katika hewa. Ni nzuri, lakini inategemea umeme. Umeme ukikatika, usingoje uone kama utarudi. Ita, ili walete chupa.

MOTO: HAPA SISI NDIO WAALIMU

Ninyi wa ateliye, nawauliza: mnaruhusu mtu aguse kichwa cha chupa ya oksijeni akiwa na grisi mikononi? Hapana. Mnajua oksijeni yenyewe haiwaki, lakini inafanya kila kitu kiwake kwa ukali, na kwamba mafuta na oksijeni yenye nguvu vinaweza kushika moto bila hata kibiriti. Kitu kinachowaka polepole katika hewa ya kawaida, katika oksijeni kinalipuka kama majani makavu ya mwezi wa tisa.

Tarehe 27 Januari 1967, Wamarekani watatu waliokuwa wakijifunza safari ya mwezini walikufa ndani ya chombo chao cha Apollo kikiwa kingali chini. Ndani kulijaa oksijeni tupu, na cheche ndogo ilitosha. Walikuwa watu wa elimu kubwa, lakini moto hauulizi elimu. Tarehe 24 Aprili 2021, katika hospitali moja ya Baghdad, chupa za oksijeni zililipuka na moto ukateketeza vyumba vya wagonjwa wa Korona. Watu zaidi ya 80 walikufa, wagonjwa na jamaa zao waliokuwa wanawalinda.

Basi kwa nini tunaingia na sigara? Kwa nini mshumaa unawashwa pembeni ya kitanda umeme ukikatika? Kwa nini mbabula inapulizwa chini ya dirisha la wagonjwa? Moto wowote ukae mbali, si chini ya metre 3 kutoka kwa oksijeni, na afadhali nje kabisa. Msifikiri kwamba mkiondoa maski hatari imekwisha. Blanketi na nguo zinabaki zimeshika oksijeni kwa muda. Na maski ikiachwa juu ya kitanda huku robine imefunguliwa, inalijaza godoro oksijeni kimyakimya.

Mama zetu, msimpake mgonjwa vaseline au mafuta mazito usoni na midomoni wakati ana maski. Midomo ikikauka, ombeni muuguzi awape kitu cha maji kisicho na mafuta. Naweni mikono kabla ya kugusa chochote.

Ninawaonya pia mafundi wenzangu. Tusichukue chupa ya ateliye kumpeleka mgonjwa nyumbani. Haikusafishwa wala kukaguliwa kwa ajili ya mapafu ya mtu, na vifaa vyake si vya kupima pumzi. Tena msiamini rangi ya chupa tu, kwani rangi hazifanani kila mahali. Karatasi iliyobandikwa ndiyo inayosema. Na chupa isimame imefungwa kwa mnyororo kama kazini, kwani ikianguka na kichwa kikavunjika, inaruka kama kombora.

NENO KWA WAGANGA NA WAUGUZI

Nimewasema jamaa za wagonjwa vya kutosha. Sasa waganga na wauguzi wetu waniruhusu kusema nao kwa heshima.

Mimi nilikosa, ndiyo. Lakini siku ile mlipobadili maski kuwa bomba, kama mtu mmoja angeniambia maneno manne tu, «Baba, huyu kuzidi kutamwumiza», nisingesimama usiku. Mtu asiyeelezwa anajieleza mwenyewe, na mara nyingi anajieleza vibaya. Anafikiri anadharauliwa kwa sababu ya umaskini, au uzee, au kwa sababu hana franga za kutoa. Ninajua kazi ni nyingi na ninyi ni wachache. Hata hivyo dakika moja ya kueleza ni nafuu kuliko asubuhi nzima ya kuokoa.

Kazini, kabla ya zamu, tunasimama kidogo na kapita anatukumbusha hatari za siku. Kwa nini hospitalini isiwe hivyo? Kila jioni, kabla ya usiku kuingia, walinzi wa wagonjwa wakusanywe dakika kumi. Na juu ya kila kitanda chenye oksijeni itundikwe karatasi kubwa, kwa Kiswahili cha kueleweka: chombo gani, lita ngapi, namba ya kidole ibaki kati ya ngapi na ngapi, na nani wa kuitwa. Karatasi hiyo iwe kama kufuli ya kazini. Anayeiona anajua kwamba mahali hapa pana mwenyewe.

MAMBO YA KUSHIKA

Kateni sehemu hii, mwibandike ukutani.

1. Ukiona pumzi inakimbia, mbavu za mtoto zinaingia ndani, mtu anashindwa kusema maneno mawili bila kuhema, usingoje asubuhi. Nenda hospitalini. Kwa watu wenye ngozi nyeusi, angalia ulimi na ufizi kama vimekuwa rangi ya majivu au buluu.

2. Usiondoe maski, usiguse robine. Uliza lita ngapi zimeandikwa, uzikariri, na ukiona zimebadilika, ita.

3. Mgonjwa akae ameinuliwa mgongo, asilale chali bapa, isipokuwa mganga amesema vingine.

4. Angalia bomba lisikunjwe, lisikaliwe na mtu wala mguu wa kitanda.

5. Akisinzia kupita kawaida, akisema maneno ya ovyo, au mfuko wa maski ukinywea, ita mara moja, hata kama namba ya kidole ni nzuri.

6. Usimlishe wala kumnywesha bila kumwuliza muuguzi.

7. Maski ya mtu mmoja si ya mwingine. Usiazime, usimpe jirani.

8. Ikiwa kuna chupa ya maji kwenye bomba, usiongeze maji ya mferejini. Hiyo ni kazi ya muuguzi.

9. Sigara, mshumaa, mbabula, kibiriti: nje, na mbali.

10. Ukikosea, sema. Usifiche.

Hiyo ya kumi ninaomba mwisome mara mbili. Kazini tunajua kwamba ajali iliyofichwa huzaa nyingine. Hospitalini inaua mtu yuleyule, usiku uleule.

Yaya wangu sasa anakaa kwenye kiti chake mbele ya nyumba, bado anakohoa, bado anagombana na wajukuu. Kila ninapopita ananiuliza kwa kucheka: «Fundi, robine ulifunga?» Wote wanacheka, nami ninacheka pamoja nao. Lakini moyoni ninakumbuka ile alfajiri, namba 99, na uso wa mkubwa wangu usiojibu.

Ndugu, mkono wa fundi ni mzuri mahali pake. Penye pumzi ya mtu, uliza kwanza.